Muntu wa Mama Geneviève

Léocadie hakuwa muntu wa kupendwa, na yeye mwenyewe hakutafuta kupendwa. Mu Kalundu, bandari ya Uvira, kule mashua inashusha samaki na mizigo, wanawake walikuwa wanamupitia mbali asubui. Akikuona kitenge yako imefungwa vibaya, atakuambia pale pale mbele ya watu wote, na atakuambia na neno moya yenye utakumbuka mpaka uzeeke. Bwana yake alienda kutafuta kazi Usumbura, ng'ambo ya Ruzizi, wakati Wabeleji walikuwa bado mu inchi, hakurudia tena. Watu wakasema alikimbia ule ulimi. Léocadie akasema: "Aende. Nilishachoka kumupikia."

Mutoto hakupata. Muntu wake mu hii dunia alikuwa mumoja tu, ndugu yake mudogo Kizito, mwenye kulima pamba na muhogo kule Lubarika, mu bonde ya Ruzizi. Léocadie njo alimubeba ku mugongo wakati mama yao alikufa. Kizito alipokuwa mukubwa akaoa Kankindi, binti wa Warundi wa bonde, mwanamuke mutulivu, wa kusema kidogo. Léocadie hakumupenda sana yule wifi, lakini alikuwa anasema: "Hasemi mingi, angalau sitachoka masikio."

Kazi yake ilikuwa kufua ku dispanseri. Mashuka ya wagonjwa, vitambaa vya vidonda vyenye damu na usaha, yeye njo alikuwa anavichemusha mu pipa, anavipiga ku jiwe, anavianika ku kamba. Uhuru ilipokuya, wakubwa wakasimama mbele ya dispanseri, wakasema sasa kila muntu iko na haki yake. Watu wakapiga makofi. Léocadie akauliza kama sabuni nayo itakuya. Haikukuya.

Kisha vita ikakuya. Ilikuwa mwaka wa soixante-quatre, ni kusema 1964. Vijana wa bonde na wa milima walishika mikuki na panga, wakakunywa maji ya dawa na kunyunyiziwa ile maji ku mwili, wakasema risasi haitawaingia tena. Wasoda wa serikali wakashuka mu bonde kuwatafuta. Muasi hawezi kujulikana na sura, basi wakapiga wenye waliona. Kizito alikuwa mu shamba yake ya pamba, na jembe. Wakamupiga risasi pale, yeye na majirani wake, wakaenda zao.

Kankindi njo alileta habari, na miguu, watoto nyuma yake. Alisimama pa pipa, akasema: "Wifi, Kizito haiko tena." Léocadie hakulia. Aliendelea kupiga shuka ku jiwe mpaka ikapasuka. Hata kaburi hakuona, juu njia ilikuwa imefungwa.

Haikupita siku mingi, wasoda wakashindwa, wakakimbia kutoka Uvira, wamoja na gari, wamoja na miguu, wengine wakatupa bunduki ku ziwa. Mu dispanseri walimwacha mwenzao mumoja. Alikuwa anaitwa Mathieu, muntu wa mbali, wa kule muto Kongo, Swahili yake ya kuvunjika vunjika. Mukuki ilikuwa imemupita mu paja, na paja ilikuwa imevimba sawa muti wa ndizi.

Munganga wa pale alikuwa Evariste. Naye alikuwa anafunga mizigo ku kinga, ile baiskeli yake. Léocadie akamukuta pa mulango anakaza kamba ya kinga.

"Mama Léo, minye navuka Ruzizi. Naenda Usumbura."

"Na huyu wako wa mu kitanda?"

"Siwezi kumubeba ku kinga."

"Basi utamwachia nani? Mende?"

Evariste akaangalia njia, akaangalia kinga. "Nitawaambia watu wa Musalaba Mwekundu kule, watakuya kumuchukua. Weye mufungie kidonda tu. Na wale waasi wakikuya, uwaambie huyu haguswi. Kuna sheria. Muntu wa vita akishaanguka, hana tena silaha, hapigwe, hauawe, hata kama ni adui. Anafungwa kidonda sawa mugonjwa yeyote. Ni sheria ya Genève. Inchi zote zilitia saini, hata ya kwetu."

"Ya Geneviève?"

"Njo ile, mama, njo ile," Evariste akasema, na alikuwa ameshapanda. Akaenda anapiga kengele ya kinga sawa muntu anaenda arusi. Munganga. Alisoma miaka yote ile, na kitu ya kwanza alijua kuokoa ni kinga.

Léocadie akabakia na ile jina. Geneviève mwingine alikuwa hajue, isipokuwa mutakatifu mwenye masista wanasema jina yake mu maombi. Lakini mutakatifu hatie saini na serikali. Akawaza ni mama mumoja wa Kizungu, muzee, mwenye nguvu. Akawaza zaidi: labda ni mwanamuke mwenye watoto wake waliuawa mu vita wamelala chini, hawana bunduki. Juu muntu mwenye hakulilia muntu wake, atatoa wapi sheria ya namna hii? Alipokuwa anapiga vitambaa ku jiwe, akaanza kumusemesha polepole: "Weye mama, unanipa kazi mubaya."

Juu kazi ilikuwa mubaya kuliko Evariste alijua. Mathieu alikuwa na homa, na mu homa anasema. Mingi ilikuwa Lingala. Lakini jina ya fasi inabakia jina ya fasi. Alisema Lubarika. Akasema tena. Léocadie alikuwa anamufungua kitambaa cha paja, mikono yake ikasimama.

Akangoja homa ishuke. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kitanda.

"Weye. Ulikuwa Lubarika?"

Mathieu angeweza kudanganya. Muntu mwenye akili angedanganya. Akaangalia dari. "Nilikuwa."

"Ulipiga watu mu mashamba?"

"Chef alisema piga. Nilipiga."

"Ulimupiga mwanaume na jembe, murefu, na kofia ya majani?"

"Mama, sijue. Tulipiga wote pamoya. Sijue risasi yangu ilimuingia nani."

Léocadie akatoka. Akasimama pa pipa. Moto ilikuwa inawaka chini, maji inatoa mapovu, na mule ndani vitambaa vya yule muntu vinazunguka. Angeweza kuacha tu. Haikuwa lazima hata kumupiga. Paja ile, bila kusafishwa, ingefanya kazi yote yenyewe, na hakuna muntu mu Uvira mwenye angeuliza.

Kisha akachukua kitambaa kisafi, akarudia. Akamusafisha, akamufunga, akamupa maji. Chakula, siku ile, hakumupa. Maji ilitosha. Kesho yake akamuletea bugali na ndagala, akaviweka pembeni ya kitanda sawa muntu anawekea mbwa, akaona hawezi kukaa peke yake, basi akamulisha na mukono, na uso yake ilikuwa sawa jiwe ya kusagia.

Musoda akaanza kulia. "Nisamehe, mama."

"Nani alikuambia habari ya kusamehe? Sheria haisemi nikusamehe. Inasema nisikuache ufe. Fungua kinywa."

Wenye maji, wale waasi wa maji ya dawa, wakaingia Uvira wanaimba, majani ku kichwa, ngozi ya mbuzi ku kifua. Mwenye kuongoza wale wa Kalundu alikuwa Révérien, mwana wa Gloriose mwenye kuuza mawese pa soko. Léocadie alimujua tangu anatembea uchi. Sasa alikuwa na mukuki na bunduki ya musoda aliyekufa, na macho nyekundu. Wakakuya mpaka pa dispanseri, juu muntu aliwaambia iko musoda ndani. Léocadie akasimama mu mulango, mikono imelowana.

"Mama Léocadie, sogea."

"Unisogeze."

Wakaangaliana wenyewe kwa wenyewe. Maji yao ilikuwa na masharti, na mu mulango ile hakuna hata mumoja mwenye hakuyajua. Usiguse mwanamuke. Usiibe. Usiangalie nyuma mu vita. Ukivunja moya, maji inakauka ku mwili, na risasi inakuwa tena risasi.

"Mama, usitufanyie mambo ya utoto."

"Utoto ni yako. Minye niko pa kazi yangu. Kuya, nikushike mukono, nikusalimie. Mama yako iko namna gani?" Akanyoosha mukono. Révérien akaruka nyuma sawa muntu ameona nyoka, na wenzake wawili wakacheka, kisha wakakumbuka ni mukubwa wao, wakanyamaza.

"Yule musoda ni wetu," Révérien akasema. "Mutoe."

"Si wenu. Ni muntu wa Mama Geneviève."

"Geneviève njo nani?"

"Mwenye sheria. Alikataza kuua muntu mwenye ameanguka. Akishaanguka, hana tena silaha, anakuwa wake. Inchi zote zilimukubalia. Hata wakubwa wetu."

Nani alicheka? Hakuna. Juu hata wao, mwenye kuwapa maji alikuwa mama muzee, kule ku milima, na walikuwa wamemuona anaimba juu ya ile maji mpaka mapovu inamutoka. Mwanamuke mwenye nguvu haikuwa kitu ya kushangaa.

"Maji yake iko na nguvu kuliko yetu?" mumoja akauliza nyuma.

"Sijue maji yake," Léocadie akasema, na ilikuwa kweli. "Najua tu kitu anakataza."

Révérien akafikiri. Mwishowe akapiga chini ya mukuki pa simenti. "Basi akuye amuchukue yeye mwenyewe. Siye tutapanda Kamanyola, kule vita iko. Kama tunaondoka na hajakuya, tunamuua huyu kabla ya kuenda. Atalala hapa, na muntu wangu atakaa pa mulango."

Muntu wake akakaa pa mulango. Kila asubui Léocadie alikuwa anapita pembeni yake na bakuli ya bugali, yeye anavuta miguu asiguswe, na anauliza: "Mama, Geneviève wako iko njiani?"

"Iko njiani. Weye uliona mwanamuke gani mwenye kukuya haraka?"

Lakini mu roho alikuwa anaogopa. Wenye maji walikuwa wanakusanya vyakula, wanashona mifuko. Mathieu alikuwa anasikia yote mu kitanda. Akaomba rozari. Léocadie akamuacha aombe, yeye hakuitikia.

Siku wenye maji walikuwa wanafunga mizigo, gari nyeupe ikatokea njia ya Usumbura, bendera ya musalaba mwekundu mbele. Léocadie akaacha shuka chini, mu vumbi, yeye mwenye hajawahi kuacha shuka chini. Akakimbia mpaka pa gari, akatafuta mwanamuke ndani. Mwanamuke hakuna. Kulikuwa Muzungu mumoja mwembamba, amechomwa na jua, na Murundi mumoja mwenye kutafsiri, jina yake Ndihokubwayo, shati nyeupe, kalamu mu mufuko.

Révérien naye akakuya, na watu wake wote nyuma.

"Wakubwa wenu walitupa ruhusa ya kuona wagonjwa," Ndihokubwayo akasema.

"Kuona, ndiyo. Kubeba, tutaona. Geneviève iko wapi?"

"Geneviève gani?"

"Mama mwenye sheria. Mwenye huyu musoda ni wake. Nilisema akuye mwenyewe."

Ndihokubwayo akacheka. Hakuwa muntu mubaya, alikuwa tu muntu wa masomo: akisikia kosa lazima alinyooshe, hata kama nyumba inawaka. "Hakuna Geneviève, ndugu yangu! Ni Genève. Si muntu, ni muji. Muji wa Bulaya. Watu walikutana pale, wakaandika sheria, njo wanaita sheria ya Genève."

Siku zote zile Léocadie alikuwa anamusemesha yule mama pa jiwe ya kufulia, anamulaumu, anamuambia habari za Kizito. Kumbe alikuwa anasemesha muji.

Révérien akamugeukia polepole. "Ulituchezea."

"Sikuwachezea. Hata minye nasikia sasa hivi."

"Muji haina maji. Muji haina macho ya kuona nitafanya nini." Akainua bunduki, akaonyesha mulango. "Mumutoe."

Muzungu akaanza kusema haraka haraka, akatoa karatasi, Ndihokubwayo anatafsiri na jasho inamutoka, na hakuna mwenye alikuwa anawasikia. Wawili walishaingia ndani. Wakamutoa Mathieu anaburutwa, kitambaa cha paja kinafunguka nyuma yake mu vumbi, kitambaa cheupe, chenye Léocadie alifua asubui ile. Wakamutupa chini.

Léocadie akakuya, akasimama juu yake, miguu huku na huku.

"Mwana wa Gloriose. Kizito wetu ulimujua?"

"Nani hakumujua Kizito?"

"Nani alimuua?"

"Wasoda. Mama, toka pale."

"Huyu alikuwa pale. Lubarika. Alipiga. Aliniambia na kinywa yake, minye nilimuuliza, na hakukataa."

Kelele ikatoka mu wale vijana. Mathieu akafunga macho chini. Ndihokubwayo akashika kichwa, juu aliona yule mama amemuuza musoda yeye mwenyewe.

"Basi unangoja nini!" Révérien akasema. "Ulimulisha muuaji wa ndugu yako!"

"Nilimulisha. Sasa unijibu, weye mwenye maji. Mu kwetu, muntu akiuawa, muuaji anakuwa wa nani?"

Kila muntu pale alikuwa wa bonde ao wa mulima, na ile haikuwa ya kufundishwa. Muuaji ni wa jamaa ya marehemu. Wao njo wanaamua watataka ng'ombe, ao muke, ao damu, ao watangoja mpaka wajukuu. Mugeni hawezi kuwatangulia.

"Sema."

"Ni wa jamaa."

"Baba yetu iko wapi?"

"Alikufa."

"Mama?"

"Alikufa."

"Kizito alibakia na nani wa tumbo moya?"

"Na weye."

"Na minye. Basi nani alikutuma? Nilikuya kwenu kulilia mukuki? Usifikiri nilimusamehe huyu. Sijamusamehe, na sitamusamehe, hata padiri anipigie magoti. Lakini ni wangu. Siku nitataka damu yake, kisu iko ku jiko yangu. Ukimuua leo, haulipize Kizito, unaniibia. Sasa iba, nione. Maji yako inasema nini juu ya kuiba?"

Hakuna mwenye alitembea. Mumoja wa wale waliomuburuta akajipangusa mikono ku suruali. Révérien alikuwa na bunduki, na mbele yake mwanamuke mwenye hawezi kumugusa, juu ya muntu mwenye hawezi kumuiba, na Kamanyola inamungoja na risasi ya kweli.

"Na unamupeleka wapi, huyu wako?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nampa hawa wa musalaba. Ni mapenzi yangu. Kama muji yao iliandika muntu mwenye ameanguka hauawe, ile muji iko na akili kuliko kijiji ya mama yako."

Révérien akatema mate chini. Akaita watu wake, wakaenda. Hakugeuka nyuma, juu hata ile ilikatazwa.

Wakamupakiza Mathieu mu gari. Muzungu akauliza yule mama alisema nini, na Ndihokubwayo akamuelezea, mara hii bila kunyoosha kitu. Muzungu akataka kumupa mukono. Léocadie akasema: "Umuambie anitumie sabuni." Mathieu akainua kichwa mule ndani. "Mama, unaitwa nani? Nitakuombea."

"Umuombee Kizito. Shika ile jina, ikuchome mpaka uzee."

Gari ikaenda, na Léocadie akaokota shuka yake mu vumbi.

Habari inatembea mbele ya muntu. Kabla ya juma kuisha, Kankindi alishafika kutoka Lubarika, mara hii bila watoto. Hakukaa. Alisimama pa mulango ya nyumba.

"Wifi, ni kweli yule musoda ulimuachilia?"

"Ni kweli."

"Ni kweli ulisema ni wako?"

"Nilisema."

"Na minye?" Sauti yake haikupanda. "Minye njo nilimuokota mu pamba. Minye njo nilimufunga macho. Niko na watoto wake. Weye ulikuwa na shuka, minye nilikuwa na maiti. Na ulisimama mbele ya watu ukasema Kizito alibakia na weye peke yako."

Ulimi wa Léocadie, ule wenye haujawahi kukosa neno, ukakosa. Juu ilikuwa kweli. Mu ile mambo mujane anaitwa, mujane anaketishwa, mujane anasema wa kwanza.

"Haukuniuliza," Kankindi akasema.

"Sikukuuliza. Nilijua utajibu nini."

"Basi unajua pia kitu nitakujibu sasa."

Akaenda. Tangu siku ile hakumusalimia. Wakikutana ku misa, Kankindi anabadilisha benchi. Watoto wa Kizito wakakatazwa kupita Kalundu. Na Léocadie hakutuma muntu kuomba, hakupeleka kuku, hakupeleka pombe. Alisema: "Haki iko yake. Aende anunue nayo chumvi."

Kisha wasoda wakarudia. Ilikuwa mwaka ule ule, kabla ya Noeli, na wenye maji wakakimbilia milima na ziwa. Maji haikuzuia kitu. Révérien alibakia kule Kamanyola, Gloriose hakuona hata kofia yake. Wasoda wakaanza kukamata wanaume mu bonde, mwenye kidonda na mwenye hana, wakawafungia mu depo moya ya mizigo pale bandari ya Kalundu. Kutoka inje unasikia wanaomba maji ya kukunywa, na ziwa iko pale, hatua chache tu.

Asubui moya Léocadie alikuwa anapiga vitambaa. Akaona miguu mbele yake, akainua kichwa. Ilikuwa Kankindi. Hakusalimia.

"Ndugu yangu Nshimirimana iko mule depo. Risasi mu muguu. Twende uwaambie ile maneno."

Léocadie hakuuliza maneno gani. Akajipangusa mikono, akachukua mufuko ya vitambaa safi, akatoka. Wakatembea mumoja mbele, mumoja nyuma.

Pa mulango ya depo kulikuwa serja na kiti yake. Léocadie akasimama mbele yake. "Mule ndani muko watu wenye wameanguka. Hawana silaha. Kuna sheria wafungwe vidonda, wapewe maji. Ni sheria ya Genève. Ni muji, si muntu. Serikali yenu ilitia saini."

"Mama, nenda kufua nguo."

"Nimetoka kufua. Nilifua vitambaa vya mwenzenu, walimuacha hapa wakati mulikimbia. Mathieu, wa paja ya kushoto. Wenye maji walitaka kumuua, na nilisema ile maneno nakuambia."

"Simujue Mathieu."

"Si lazima umujue. Hata minye sikumujue."

Serja akamusukuma na kitako ya bunduki, akaanguka. Akaamuka, akakaa pale chini pa mulango, mufuko ya vitambaa ku magoti. Kankindi naye akakaa, upande ya pili. Wanawake wengine wakaona, wakakuya, wakakaa, hawajue sheria wala Genève, wanajua tu waume zao wako mule. Jua ikapanda. Wanaume wakawa wanalia ndani, wanawake wako kimya inje, na serja anabadilisha mukono ya kushika bunduki. Mwishowe akatokea mukubwa wake, akauliza hii ni nini, wakamuambia. Akaangalia wale wanawake, akaangalia bandari, ile mashua ya Usumbura na watu wa kigeni wanaona. Akasema: "Mumoja aingie. Yule wa vitambaa."

Akaingia Léocadie. Kitu aliona mule hakusema siku moya, na hakuna mwenye alimulazimisha. Alifunga wenye aliweza, akanywesha wenye wangali na kinywa. Alirudia kesho, na siku ya kufuata. Wengi walikufa vile vile. Nshimirimana akatoka kisha, na muguu ya kukokota, lakini akatoka.

Siku ile alitoka, Kankindi na Léocadie walikuwa wamemungoja pamoya, wakamuweka ku mashua ya kumupeleka kwa dada mukubwa wa Kankindi. Kisha wakarudia na njia moya, juu njia ilikuwa ile moya tu. Walifika karibu ya kanisa, Kankindi akasema, bila kugeuka:

"Sijakusamehe."

"Sikukuomba," Léocadie akasema.

Wakaendelea, mumoja mbele, mumoja nyuma, mpaka pa njia ya bonde, na pale kila mumoja akashika yake.